Gari la rimoti la nje ya barabara katika vumbi na vilima vya Mbeya: mwongozo kamili wa kuliboresha na kulitunza

Kiwanda hakijui gari lako la rimoti litaendeshwa wapi. Hulipanga kwa wastani: ardhi ya wastani, joto la wastani, mwendeshaji wa wastani. Mbeya si mahali pa wastani. Mji uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Mota ya umeme haikosi pumzi kama injini ya mafuta, lakini hupozwa na hewa, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Ongeza vilima. Toka Mwanjelwa uelekee upande wowote, hutaenda mbali kabla ya kukuta mpando. Ongeza vumbi la kiangazi, ambalo huku lina majivu na mawe mepesi ya volkano za Rungwe na Ngozi, chembe ngumu zinazokwangua chuma. Kisha kuanzia Novemba mvua inaingia, na hadi Aprili au Mei ni matope.

Kwa sababu hiyo, mpangilio wa maboresho ninaoutetea ni kinyume cha unaopendwa na wengi. Anza na beringi, uzibaji wa vumbi, matairi na shokapu. Fuata gia na stelingi. Betri ije baadaye, na mota kubwa ije mwisho kabisa. Mota yenye nguvu juu ya beringi zilizojaa mchanga na gia zilizopangwa vibaya huvunja vitu haraka zaidi, basi.

Maelezo haya yanahusu hasa magari ya umeme ya kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, kama Traxxas Slash na Stampede, magari ya Tamiya, na yale mengi ya Kichina yanayofanana nayo.

Kulifungua na kulikagua

Tafuta zana sahihi kwanza. Magari mengi ya siku hizi yanatumia skrubu za pembe sita za milimita 1.5, 2 na 2.5, nati za magurudumu huwa za M4, zinazofunguliwa na boksi ya milimita 7, nati ndogo za M3 zinataka 5.5. Magari mengi ya Tamiya yana skrubu za msalaba. Nunua bisibisi zenye ncha ngumu, kwa sababu ncha laini hulika na kuharibu kichwa cha skrubu, na hapo kazi ya dakika moja inakuwa ya jioni nzima.

Skrubu nyingi kwenye magari haya huingia moja kwa moja kwenye plastiki. Unapozirudisha, zungusha kwanza kinyumenyume taratibu hadi usikie skrubu ikidondoka kidogo kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukiilazimisha inakata njia mpya, na baada ya mara chache tundu halishiki tena. Skrubu ya chuma kwa chuma, kama ile ndogo inayoshika pinioni, ile gia ndogo inayozungusha gia kubwa, kwenye shafti ya mota, ipake tone la gundi ya nati ya bluu. Gundi hiyo usiipeleke kwenye plastiki, maana aina nyingine za plastiki hupasuka kwa ajili yake.

Bodi ikishatoka, shika kila gurudumu ulitikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Mchezo wa kugonga ni beringi au boljointi iliyokwisha. Zungusha gurudumu kwa kidole na usikilize: likikwaruza, lina mchanga. Bonyeza gari chini uliachie. Lazima lirudi taratibu bila kurukaruka. Andika unachokiona, kila kona peke yake, kwa sababu ukianza kufungua vyote kwa pamoja utasahau tatizo lilikuwa upande gani.

Beringi

Kama gari lako lilikuja na bushi za plastiki au shaba, na magari mengi ya bei nafuu huja hivyo, kuzibadilisha kwa beringi ndilo boresho lenye faida kubwa kuliko yote kwa pesa utakayotoa. Gari linakuwa jepesi kusukumika, mota inapoa, betri inadumu zaidi kwa chaji ileile.

Pima kwa kalipa vipimo vitatu: tundu la ndani, kipenyo cha nje, na unene. Kwenye magurudumu ya 1/10 utakutana sana na 5×11×4, ambayo kiwandani huitwa MR115, na 10×15×4, ambayo ni 6700. Agiza kwa vipimo hivyo wala si kwa jina la gari, kwa sababu muuzaji wa beringi haijui Slash, lakini 5×11×4 anaijua. Chagua zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Zenye kifuniko cha chuma huzunguka kwa wepesi zaidi, ila kifuniko hicho huacha upenyo, na vumbi la huku hupita.

Beringi iliyochafuka si lazima itupwe. Nyanyua kifuniko cha mpira kwa ncha ya sindano, ukiingiza upande wa ndani ili usikikunje. Loweka beringi kwenye mafuta ya taa, nje ya nyumba na mbali na moto, itikise, kisha ipulize kwa upepo. Kijiwe cha pancha chenye kompresa kinatosha. Usiizungushe kwa upepo huo hata kama inavutia, maana beringi kavu inayozunguka kwa kasi hujiharibu. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kama ni ya ndani ya gia au ya mota. Kama ni ya gurudumu na masika yako karibu, weka grisi: inapunguza wepesi kidogo, lakini inazuia maji. Beringi ikiendelea kukwaruza baada ya kuoshwa, weka mpya.

Kulizibia vumbi na maji

Boksi la gia lina mshono. Lifungue, lisafishe, kisha paka grisi nyembamba kwenye mshono wote kabla ya kulifunga. Vumbi litanasa pale badala ya kuingia. Kifuniko cha gia kubwa kisiachwe nyumbani kamwe. Kijiwe kimoja chenye ukubwa wa punje ya mtama kikiingia kati ya pinioni na gia kubwa kinang'oa meno yote kwa sekunde moja.

Kwa chasisi, njia rahisi ni soksi ndefu ya nailoni, ile ya kina mama. Ikate, ivute juu ya chasisi ifunike eneo la betri na vifaa, kisha itoboe kwa nguzo za kushikia bodi. Hewa inapita, mchanga haupiti. Ikijaa vumbi ikung'ute au uioshe. Hakikisha tu hakuna uzi wake unaofika kwenye shafti inayozunguka.

Boksi la risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti, lina mpira wa kuzuia maji. Upake grisi ya silikoni kila unapolifungua, na waya zipite kwenye njia zake bila kupandana. Neno la kuzuia maji kwenye katoni linahusu umeme wa gari. Beringi, skrubu na mota hazimo, na zote zinashika kutu.

Matairi

Hakuna tairi moja la nyanda zote za juu kusini. Kwenye udongo mgumu wenye vumbi juu yake, kama viwanja vingi vya Mbeya kiangazi, tairi lenye vipini (vinundu vya juu ya mpira) vingi vifupi hushika vizuri. Kwenye udongo mwekundu wa Mafinga na Njombe wakati wa mvua unataka vipini virefu vilivyoachana, la sivyo matope yanajaa katikati na tairi linakuwa kama halina vipini. Iringa ni jambo jingine. Majabali ya granaiti kuzunguka mji ni paradiso ya magari ya kupanda miamba, yale yaendayo polepole, na pale unahitaji mpira laini sana, sponji laini, na uzito uliowekwa chini kwenye rimu za mbele. Uzito ukiwekwa juu, gari linapinduka kwenye mwamba ambao lingeupanda.

Rimu nyingi zina kitundu cha kupumulia, na maji huingia hapo na kuloweka sponji. Gurudumu linakuwa zito upande mmoja na gari zima linatetemeka. Ziba kitundu cha rimu kwa utepe, kisha toboa kwenye tairi lenyewe, katikati ya sehemu inayokanyaga ardhi, matundu mawili ya milimita 3 yanayokabiliana. Gurudumu likizunguka, maji yanatupwa nje.

Kubandika tairi jipya kunataka usafi kuliko ufundi. Futa mdomo wa tairi na rimu kwa spiriti, ziache zikauke, likalishe tairi sawasawa, kisha vuta mdomo kidogo na udondoshe gundi ya supa nyembamba, sehemu moja baada ya nyingine hadi umalize mzunguko. Fanya dirishani au nje, mvuke wake unawasha macho. Liache usiku kucha. Ukitaka kuokoa rimu zenye tairi lililokwisha, chemsha gurudumu kwenye kopo ambalo halitarudi tena jikoni, gundi italainika na tairi litavuliwa.

Shokapu

Mafuta ya shokapu ni ya silikoni, yenye namba za uzito. Usiweke mafuta ya injini, yanavimbisha mipira ya ndani. Namba 30 katika mfumo wa kawaida, ambayo ni karibu 350 kwa cSt, kipimo cha uzito wa mafuta, ni mwanzo mzuri kwa lori la 1/10. Asubuhi za Juni na Julai, ambapo Uyole na Kitulo hushuka hadi baridi ya jalidi, mafuta huwa mazito. Kama unaendesha hasa nyakati hizo, shuka kidogo hadi 25 au 27.5.

Kujaza: vuta ufito hadi mwisho, jaza mafuta karibu na ukingo, pandisha na kushusha pistoni taratibu hadi mapovu yaache kutoka, subiri dakika kadhaa, ongeza, kisha funga huku ufito ukiwa umesukumwa nusu ili ziada itoke. Shokapu nzuri ina upinzani laini mwanzo hadi mwisho. Ukisikia mlio wa hewa, fungua urudie. Shokapu mbili za mbele zilinganishwe kwa kuzisukuma pamoja kidole kwa kidole, zinapaswa kurudi sawa.

Urefu wa gari kutoka ardhini upange kwa kuliangusha kutoka sentimita 15 hivi. Likitulia, shafti za magurudumu ziwe karibu sambamba na ardhi. Wengi huliinua mno ili lionekane kubwa, kisha linapinduka kila kona. Fito za shokapu zifutwe kila baada ya kuendesha, maana vumbi lililoganda juu yake ndilo linalokata mipira na kuleta uvujaji.

Gia, kwa ajili ya mpando

Hapa ndipo gari la Mbeya linapookolewa au kuuawa. Uwiano wa gia ni meno ya gia kubwa kugawanya kwa meno ya pinioni. Chukua gia kubwa ya meno 86. Ukiwa na pinioni ya 23, uwiano ni 3.74. Ukiweka ya 19, unakuwa 4.53. Kasi ya juu inashuka kwa karibu asilimia 17, lakini msukumo kwenye magurudumu unaongezeka kwa asilimia 21, na mota inazunguka kwa uhuru zaidi mlimani badala ya kung'ang'ana ikiwaka moto. Kwa eneo lenye mipando, pinioni ndogo ni ya lazima kabla ya kufikiria mota nyingine. Hakikisha tu meno ya pinioni mpya ni ya saizi ileile na gia kubwa. Meno ya saizi (pitch) 48 hayaingiliani na ya 32.

Nafasi kati ya gia hizo pangilia kwa kipande cha karatasi ya kawaida. Kiingize kati ya meno, sukuma mota hadi zibane karatasi, kaza skrubu za mota, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Itoke imekunjwa kama ngazi bila kuchanika. Baadaye shika gia kubwa uitikise: lazima isikike ikigonga kidogo sana, pande zote za mzunguko.

Klachi ya kuteleza, kama gari lako linayo, ndiyo inayolinda gia unapotua kutoka hewani. Kaza nati hadi springi ibane kabisa, kisha legeza robo mzunguko, ujaribu. Gari likiondoka kwa nguvu, klachi iteleze kidogo sana mwanzoni halafu ishike. Ikiteleza mpandoni kwa muda mrefu utanusa harufu ya kuungua, na gia kubwa itayeyuka katikati.

Difu za magari yanayoendeshwa kwa magurudumu manne ziwe na mafuta ya silikoni mazito, mbele mazito zaidi kuliko nyuma: cSt 7,000 hadi 10,000 mbele, na 3,000 hadi 5,000 nyuma.

Stelingi

Sevo, mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele, ya kiwandani mara nyingi ni dhaifu kwa matairi makubwa. Ukibadilisha, chagua yenye gia za chuma, iliyozibwa maji, yenye nguvu ya kilo 15 hadi 20 kwa sentimita kwa volti 6. Hesabu meno ya shafti yake, 25 au 23, kabla ya kununua mkono wake. Washa rimoti na gari, weka trimu, kile kirekebisho cha stelingi kwenye rimoti, katikati, ndipo ufunge mkono wa sevo ukiwa wima. Kisha punguza mwisho wa mzunguko kwenye rimoti ili sevo isisukume wakati magurudumu yamefika mwisho. Sevo inayolia huku imesimama inaungua.

Pale pale weka pia mpangilio wa usalama: mawimbi yakikatika, gari liache gesi. Jaribu kwa kunyanyua magurudumu na kuzima rimoti. Siku zote rimoti huwashwa kwanza na huzimwa mwisho.

Betri na chaji

Betri za nikeli, yaani NiMH, za volti 7.2 ni ngumu na hazidai mengi. Lipo, yaani za lithiamu-polima, ni nyepesi na zina nguvu zaidi, lakini zina masharti, na masharti haya usiyapunguze hata moja. Seli moja hujaa ikifika volti 4.2. Isishuke chini ya 3.3 ikiwa kazini, na ikifika 3.0 imeanza kuharibika. Washa kikato cha volti ndogo kwenye kontrola ya mota, ile iitwayo ESC, uiweke kwenye mpangilio wa lipo. Chaji kwa kasi ya mara moja ya ujazo: betri ya miliampea-saa 5,000 ichajiwe kwa ampea 5. Tumia chaja yenye balansi, inayosawazisha seli, daima.

Chaji ukiwa upo macho, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, ndoo ya mchanga ikiwa pembeni. Betri iliyovimba haichajiwi tena. Umeme ukikatika na kurudi, kagua mipangilio ya chaja kabla ya kuendelea. Chaja nyingi hupokea pia volti 12 za moja kwa moja, hivyo betri ya sola ya nyumbani inafaa kabisa.

Baridi hupunguza nguvu ya lipo. Ikiwa chini ya nyuzi 10, volti inaanguka ukibonyeza gesi na gari linakata mapema ingawa chaji ipo. Ibebe ndani ya koti hadi dakika ya kuianza. Betri baridi sana, karibu na nyuzi 0, usiichaji.

Katika kuagiza, jua kwamba tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria. Ndiyo maana betri huchukua muda na gharama kuliko vipuri vingine. Iagize mapema, ifike Dar es Salaam, ije kwa vifurushi vya basi.

Mota

Sasa mota. Ya brashi za kaboni ni rahisi na inatosha kwa wengi. Kagua brashi, zikibaki nusu badilisha mota. Isiyo na brashi inaandikwa kwa KV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Ya 3,500 KV kwenye lipo ya seli mbili, volti 7.4, inafika mizunguko 25,900. Ukiweka seli tatu inakuwa 38,850, na shafti za plastiki hazikutengenezwa kwa hilo. Kwa vilima vyetu ningechukua KV ndogo na mota ndefu kuliko KV kubwa na mota fupi.

Baada ya dakika 5 za mpando, simama upime joto. Ya brashi isivuke nyuzi 70, isiyo na brashi isivuke 80. Bila kipimajoto, weka kidole: ukishindwa kukishikilia sekunde tatu, mota ina joto jingi. Shusha pinioni meno mawili, subiri ipoe, ujaribu tena. Feni ndogo juu ya mota inasaidia, na kwa hewa yetu nyepesi si anasa.

Baada ya kila kuendesha

Kiangazi, tumia brashi kavu na upepo, usitumie maji. Vumbi la volkano likilowa linakuwa uji unaojipenyeza kwenye beringi. Anza na fito za shokapu, kisha boljointi, kisha feni ya kontrola.

Masika, hasa ukishuka Tukuyu ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, toa betri, suuza matope kwa maji ya mwendo mdogo, pulizia upepo, kisha liendeshe dakika moja mahali pakavu ili maji yatupwe. Ipulizie mota dawa ya kufukuza maji, halafu tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi zake mbili, kwa sababu dawa hiyo huosha mafuta yaliyokuwepo. Lianike bila bodi. Ukiacha gari lenye maji ndani ya begi usiku mmoja, asubuhi beringi zimeanza kushika.

Bodi ya polikaboneti ikianza kupasuka, toboa kitundu kidogo mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha ndani yake weka utepe wa wavu unaotumiwa na mafundi wa jipsamu na uufunike kwa gundi ya viatu iliyo laini ikikauka.

Kuliweka kwa muda mrefu

Kama hutaliendesha wiki kadhaa, lipo zirudishwe kwenye volti 3.8 kwa seli. Chaja nyingi zina chaguo la kuhifadhi. Zitoe ndani ya gari. Weka chasisi juu ya kipande cha mbao ili matairi na springi zisibebe uzito, legeza nati ya klachi mizunguko miwili na uifungie karatasi ya kukukumbusha kuikaza.

Vipuri vya kuwa navyo ndani muda wote ni pinioni moja ndogo kuliko unayotumia, gia kubwa moja, mikono miwili ya saspensheni ya mbele, beringi nne za magurudumu, pini za bodi na tairodi moja. Mikono ya mbele ndiyo huvunjika kwanza, na kuisubiri kutoka Dar au nje ya nchi ni kukaa bila gari wiki nyingi.